Kompyuta mpakato inakimbilia Windows na kuninyima mipangilio ya BIOS

MwalimuKilosa

Habari zenu wadau. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Kilosa, na nina kompyuta mpakato iliyotumika ambayo niliinunua Kariakoo miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya kuonyeshea masomo kwa projekta. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha tano, RAM ni GB 8, na diski ni ile ya inchi 2.5. Inatumia Windows 10. Kwa kuwa Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, nimeamua kuifuta Windows na kuweka Linux, ili mashine hii iendelee kupata masasisho ya usalama badala ya kukaa kabatini ikiwa bado ina nguvu.

Flashi ya kusimika Linux nimeshaiandaa, na nimeijaribu kwenye kompyuta ya mezani ya ofisini ikawaka vizuri. Tatizo ni kwamba kwenye mashine yangu siwezi kabisa kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu dhibiti iliyo kwenye ubao mkuu, ili niiamuru ianze na flashi. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha, nembo ya mtengenezaji inaonekana kidogo tu, kisha Windows inaingia. Nimejaribu F2, F10, F12, Esc na Delete, kila kimoja kwa siku yake, kwa kubonyeza mara nyingi na kwa kushikilia, bila mafanikio yoyote.

Baadaye nilisoma kwamba ndani ya Windows kuna njia ya kuomba mashine iwake upya na kwenda moja kwa moja kwenye mipangilio hiyo. Nilifungua ukurasa wa urejeshaji, nikachagua kuwasha upya kwa njia maalumu, lakini katika orodha ya machaguo ya juu lile linalohusu UEFI, yaani mtindo mpya wa programu dhibiti, halipo. Nikaandika amri ya shutdown /r /fw /t 0 nikiwa na mamlaka ya msimamizi, nikajibiwa kwa kosa namba 1.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba BIOS imekufa na inatakiwa kuandikwa upya kwa kifaa maalumu. Kabla sijampa mashine yenye kazi zangu za miaka mitatu, ninaomba ushauri wenu.

Mzizima

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Nianze kwa kukutoa hofu: BIOS iliyokufa haiwashi Windows. Programu dhibiti ndiyo inayoamka kwanza, inakagua RAM na kuitafuta diski, kisha ndipo inaikabidhi Windows kazi. Kama Windows inafika kila siku, basi programu hiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi yake, na tatizo lako ni la kuingia tu.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni namna unavyoizima mashine. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: Windows inahifadhi kiini chake kwenye diski katika faili linaloitwa hiberfil.sys, na ukiwasha tena inalirudisha faili hilo badala ya kuanza upya. Wakati toleo hilo likiandaliwa, Microsoft yenyewe ilieleza kwamba katika baadhi ya kompyuta zenye SSD, yaani diski za kasi zisizo na sehemu inayozunguka, muda wa kupokea F2 au F8 ulikuwa umepungua hadi chini ya milisekunde 200, na hakuna kidole cha mwanadamu kinachoweza kuuwahi muda huo kwa uhakika. Ndiyo sababu wakaweka ile njia ya ndani ya Windows ambayo wewe umeitafuta.

Kwa hiyo shikilia Shift wakati unapobofya kitufe cha kuzima kwenye skrini, ili mashine izimike kikamilifu, au tumia kuwasha upya, ambako siku zote huanza kutoka mwanzo. Kisha anza kugongagonga kitufe mara tu unapoiwasha, kabla hata nembo haijatokea. Zingatia pia kwamba kila mtengenezaji ana kitufe chake: Dell na Acer hutumia F2, HP hutumia Esc kisha F10, na ThinkPad hutumia F1. Baadhi ya mashine za Lenovo IdeaPad zina kitufe kidogo cha pembeni ambacho hubonyezwa kwa ncha ya kibanio cha karatasi. Na kama safu ya juu ya kibodi yako imepangwa kuongeza sauti na mwanga kwanza, itakubidi ushikilie Fn pamoja na F2.

TarakilishiKilindini

Ndugu Mzizima amesema kweli, ila hajaligusa lile kosa namba 1, na mimi naona humo ndimo lilimo jibu la nusu ya swali.

Amri ile ya kuwasha upya hufanya kazi kwa kuacha ujumbe. Katika mfumo wa UEFI, Windows huandika taarifa fupi kwenye kumbukumbu ya kudumu iliyo katika ubao mkuu, ikisema kwamba safari ijayo mtumiaji apelekwe kwenye mipangilio. Programu dhibiti ikiamka inausoma ujumbe huo na kuutii. Lakini kama Windows yako ilisimikwa kwa hali ya zamani inayoitwa Legacy, njia hiyo ya kuachiana ujumbe haipo, kwa hiyo lile chaguo linatoweka kwenye orodha na amri inarudisha kosa namba 1. Mashine haijaharibika. Imewashwa tu kwa mtindo ambao haujui mazungumzo hayo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utazame mstari unaotaja hali ya BIOS. Nina hakika utakuta neno Legacy. Mashine nyingi zilizotumika huwekewa Windows kwa haraka na wauzaji kwa hali hiyo, hata kama ubao wake unaikubali UEFI bila shida.

Dawa yake ipo. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, kuna chombo kinachoitwa mbr2gpt ambacho hubadilisha mpangilio wa diski kutoka MBR, ule wa Legacy, kwenda GPT, ule wa UEFI, bila kufuta mafaili. Ukishabadilisha, utawasha kwa UEFI na lile chaguo litatokea.

FundiMchikichini

Mwalimu, ninakuomba usiiguse mbr2gpt hata kidogo kabla hujasoma ninachoandika hapa. Ndugu yangu wa Kilindini ameeleza sababu ya kosa hilo namba 1 kwa usahihi kabisa na ninamheshimu kwa hilo, lakini dawa aliyoitoa itakuumiza. Chombo kile hubadilisha diski peke yake; hakibadilishi mipangilio ya programu dhibiti. Baada ya kukitumia ni lazima wewe mwenyewe uingie kwenye BIOS ukaiondoe Legacy na kuiweka UEFI, na huko ndiko ambako umeshindwa kuingia. Utabaki na diski inayosubiri UEFI na ubao unaong'ang'ania Legacy, na asubuhi hutakuwa na Windows wala mipangilio. Nimewapokea watu wawili katika hali hiyo hiyo mwaka huu, na mmoja wao alikuja akilia kwa sababu alidhani amepoteza tasnifu yake.

Tena kwako mabadiliko hayo hayana faida yoyote, kwa kuwa Windows yenyewe unataka kuifuta. Linux inasimikwa kwa hali yoyote kati ya hizo mbili. Unachohitaji ni kuingia mara moja tu.

Sasa naomba unijibu maswali matatu. Kwanza, unatumia kibodi iliyo kwenye mashine yenyewe au umechomeka nyingine ya USB? Pili, ukifungua programu ya kuandikia, je, vitufe vyote vya kibodi ya ndani vinafanya kazi, pamoja na safu ya juu? Tatu, kama unatumia kibodi ya nje, itazame taa yake ya Num Lock unapowasha mashine: inawaka wakati nembo bado iko kwenye skrini, au inawaka Windows ikiwa imeshaanza kuingia?

MwalimuKilosa

Nawashukuru nyote. Nimeangalia msinfo32 na ni kweli imeandikwa Legacy. Nimezima kwa kushikilia Shift kama alivyoelekeza Ndugu Mzizima, lakini hakuna kilichobadilika.

Fundi, samahani kwa kutolitaja hili tangu mwanzo, kwa sababu sikudhani lina uhusiano. Mvua za masika zilizopita, paa la ofisi ya walimu lilivuja na matone yakaangukia sehemu ya juu ya kibodi. Niliikausha na mashine ikapona, lakini tangu siku hiyo safu yote ya juu, kuanzia Esc hadi Delete, haifanyi kazi, pamoja na herufi chache za kushoto. Kwa hiyo ninatumia kibodi ya USB kila siku, na ni kwa kibodi hiyo nilikuwa nikibonyeza F2.

Nimeitazama taa kama ulivyosema. Nimewasha mara nne huku nikiikodolea macho. Nembo inatokea, inatoweka, vile vitone vya Windows vinaanza kuzunguka, na hapo ndipo taa inawaka.

FundiMchikichini

Taa hiyo imekupa jibu lote, na nakushukuru kwa kuitazama mara nne badala ya mara moja.

Kibodi ya ndani ya kompyuta mpakato imeunganishwa na chipu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, na chipu hiyo iko macho tangu sekunde ya kwanza. Kibodi ya USB ni mgeni: programu dhibiti ni lazima iamshe kwanza milango ya USB, iulize kila kifaa ni nini, kisha ikipe nafasi yake. Kazi hiyo inakula muda. Kwa hiyo, kama ndani ya BIOS kumewekwa hali ya kuwaka haraka, programu dhibiti huruka hatua hiyo na kuiachia Windows. Hali hii isichanganywe na ile ya Windows aliyoieleza Mzizima, kwani ile iko kwenye diski na hii iko kwenye ubao, na kuizima moja hakuizimi nyingine.

Kwa hiyo kibodi ya ndani, ambayo mashine ingeisikia, haina F2. Kibodi ya nje ina F2, lakini wakati unapoibonyeza mashine bado haijatambua kwamba kuna kibodi imechomekwa. Na njia ya tatu, ile ya ndani ya Windows, imefungwa na Legacy. Yule aliyekuambia BIOS imekufa hakukaa na mashine hata dakika kumi.

Njia ya uhakika ni kuifanya mashine ikose cha kuwasha. Programu dhibiti iliyozoea kuwaka haraka, ikikuta diski yake haipo, kwa kawaida inaachana na mkato huo, inakagua kila kitu kwa ukamilifu pamoja na milango ya USB, na mwishowe inasimama ikisema hakuna diski ya kuwashia. Hapo una muda wote unaoutaka.

Fanya hivi, na ufanye mchana penye mwanga wa kutosha. Nakili kazi zako zote kwenye flashi nyingine kwanza. Izime mashine kikamilifu, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka nje, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Kama betri iko ndani, utakapofungua kifuniko cha chini anza kwa kuchomoa waya wake kabla hujagusa kitu kingine. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mkao ule ule zilivyokuwa kwenye mashine, kwa maana zipo fupi na ndefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kibodi kutoka chini. Diski ya inchi 2.5 inavutwa kwa upande, si kwa kuinuliwa. Ukishaitoa, rudisha betri na kifuniko, chomeka kibodi ya USB kwenye mlango ulio kwenye mashine yenyewe bila kupitia kigawanyishi, iwashe na utazame taa.

Ukiingia, tafuta sehemu ya kuwaka haraka na uizime au uiweke kwenye ukaguzi kamili, ruhusu kuwasha kwa USB na uipandishe flashi juu ya orodha, kisha hifadhi. Usiguse kitu kingine.

TarakilishiKilindini

Fundi amenisahihisha kwa haki, nami nakubali. Mwalimu, upuuze ushauri wangu wa mbr2gpt. Nilitazama diski nikasahau mlango.

Niongeze mambo mawili yanayohusiana. Kwanza, kama diski yako ingekuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data ya diski, kubadilisha mipangilio ya BIOS kungeweza kuifanya Windows idai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, kwa hiyo wengine wanaosoma hapa wahakikishe wanao ufunguo huo kabla ya kuanza. Pili, inawezekana ukaingia ukakuta nywila. Mashine nyingi zinazofika kwetu zikiwa zimetumika, ziwe za mtaa wa Luthuli jijini Nairobi au za Kariakoo, zilikuwa za ofisi za ng'ambo, na idara za kompyuta za ofisi hizo hufunga BIOS kabla ya kumkabidhi mfanyakazi mashine. Mimi mwenyewe sinunui kompyuta iliyotumika bila kumwomba muuzaji aizime, aiwashe na aingie kwenye BIOS mbele ya macho yangu, na akikataa ninamshukuru na kwenda duka la pili.

Mzizima

Nina swali kwa Fundi, kwa faida ya wengi. Tumezoea kuambiwa kwamba ukitoa ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao, BIOS inasahau kila kitu, hata nywila. Je, asingeweza kufanya hivyo tu?

FundiMchikichini

Ushauri huo ni wa enzi zake. Katika kompyuta za zamani mipangilio ilikaa kwenye kumbukumbu iliyohitaji umeme wa betri hiyo, na ukiitoa mipangilio ilipotea. Katika kompyuta mpakato nyingi za sasa, mipangilio na nywila hukaa kwenye chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane, ambayo haihitaji umeme ili kukumbuka. Betri ya mviringo, ambayo mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, imebaki na kazi ya kutunza saa na mambo machache tu. Ukiitoa unaweza kuipoteza tarehe huku nywila ikibaki pale pale.

Kuhusu kuiandika upya ile chipu, ni kazi halali na mimi ninaifanya, lakini ni kwa mashine isiyoonyesha chochote kwenye skrini, au iliyokatika umeme katikati ya kusasisha BIOS. Chipu hiyo inabeba pia namba ya mashine na taarifa nyingine za kiwandani, na fundi asiyenakili yaliyomo kabla ya kuandika mapya anaweza kukurudishia mashine isiyojua jina lake.

MwalimuKilosa

Wadau, nimeingia!

Jumamosi asubuhi niliiweka mashine juu ya meza ya maabara, nikanakili kila kitu, nikafuata maelekezo ya Fundi hatua kwa hatua. Skrubu zilikuwa tisa, mbili kati yake fupi, na nilizichomeka kwenye kipande cha boksi nilichochora umbo la kifuniko. Diski ilipotoka nilirudisha betri, nikachomeka kibodi na kuwasha. Nembo ilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuiona, na kabla haijatoweka, taa ya Num Lock ikawaka kijani. Nilikuwa nimeinamia meza kiasi kwamba mwanafunzi aliyepita dirishani aliniuliza kama nimepoteza kitu. Kisha yakaja maandishi meupe juu ya skrini nyeusi yakisema hakuna diski ya kuwashia na kunitaka nibonyeze F2 kwa mipangilio. Nikabonyeza mara moja tu, ikafunguka, bila nywila yoyote.

Hali ya kuwaka haraka ilikuwa kwenye kiwango cha chini kabisa cha ukaguzi, kama ulivyotabiri. Nimeiweka kwenye ukaguzi kamili, nikaruhusu USB, nikahifadhi, nikazima na kurudisha diski. Flashi ikawaka mara ya kwanza. Nimesimika Linux, projekta imetambulika bila kuongeza kitu, na jana kidato cha tatu wamesoma mawimbi kwa michoro inayotembea.

Limebaki moja. Baada ya kutoa betri kubwa, tarehe ya mashine ilirudi nyuma hadi mwaka 2015, na nilipofungua kivinjari kila tovuti ilikuwa inakataa kwa madai ya usalama hadi nilipoirekebisha.

FundiMchikichini

Hongera sana Mwalimu. Hiyo ni betri ya mviringo imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine inayodhani iko mwaka 2015 inaviona vyote kama vya siku ambazo bado hazijafika. Kwa sasa betri kubwa inaitunza saa na hutaona tatizo, lakini utakapofungua kifuniko ili kubadilisha kibodi ya ndani, badilisha na hiyo kwa safari moja. Angalia kwanza kama imekaa kwenye kikombe chake au ina waya mwekundu na mweusi wenye plagi ndogo, kwa sababu ile ya waya hununuliwa ikiwa tayari imeungwa, na usikubali mtu akuunganishie waya kwa risasi juu ya betri yenyewe.

MwalimuKilosa

Yangu ina waya. Nimeshaipiga picha pamoja na namba iliyo nyuma ya kibodi, na ninakuja Dar es Salaam shule itakapofunga.